Safu ya Ushauri: Dada yuko ng'ambo ya mto, asilimia 3 iko huku

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mama wa watoto wawili, na nimeishi St. Paul, jimbo la Minnesota, kwa miaka saba pamoja na mume wangu. Tumepanga fleti ya vyumba viwili vya kulala upande wa mashariki wa jiji, katika jengo la matofali la miaka ya 1960, na kodi yetu ni dola 1,150 kwa mwezi. Uzee wa jengo hili haufichiki. Rejeta ya kupashia joto sebuleni hugonga usiku kucha kama mgeni aliyefungiwa nje, na bomba lililo chini ya sinki la jikoni linavuja tangu Machi, hata nimeliwekea ndoo tupu ya rangi ambayo mwanangu mdogo ndiye mwenye zamu ya kuimwaga kila jioni. Tumevumilia yote hayo kwa sababu ya ile sheria ya jiji inayosema kwamba kodi isipande zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Mume wangu aliikata kutoka kwenye kipeperushi na kuibandika kwenye friji, na hadi leo ipo pale.

Ana sababu zake. Kabla ya kuja hapa tulikuwa tunaishi Brooklyn Park, na mwenye nyumba wa huko alitupandishia dola 225 kwa mkupuo. Tulihama mwezi wa Januari, theluji ikiwa magotini, godoro la watoto likiwa limefungwa kwa kamba juu ya gari la rafiki. Tangu siku ile mume wangu hatofautishi nyumba nzuri na mbaya. Kwake zipo nyumba zenye sheria na zisizo na sheria.

Sasa dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, anaishi mtaa wa Cedar-Riverside, kule Minneapolis, jiji jirani lililo ng'ambo ya Mto Mississippi. Figo zake zimeshindwa, na anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mimi ndiye ninayempeleka na kumrudisha. Kazi yangu, ambayo ni ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, nayo iko Minneapolis, kwa hiyo nikitoka saa moja asubuhi napitia kwa dada moja kwa moja, namsubiri hadi amalize, na nafika kwangu saa nane mchana, saa moja tu kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Petroli na maegesho vinanila kama dola 140 kwa mwezi, usingizi sijauhesabu.

Dada amenipatia fleti katika jengo jipya, hatua chache kutoka kwake. Kodi ni dola 1,395, mkataba ni wa miezi 14, na miezi miwili ya kwanza ni bure. Nimepiga hesabu nikaona ni kama dola 1,196 kwa mwezi, yaani dola 46 tu zaidi ya ninazolipa sasa. Dada anasema, "Ni kuvuka mto tu, mdogo wangu, miji hii si inaitwa pacha?" Mume wangu anasema kwamba anayeiacha nyumba ya asilimia 3 anakata tawi alilolikalia. Nikatafuta njia ya kati: jengo la mwaka 2019 karibu na kituo cha treni cha Westgate, ambacho bado ni St. Paul, kwa dola 1,350, nikiwaza kwamba hapo nitakuwa karibu na dada na sheria itaendelea kunilinda. Hata huko mume wangu hataki kusikia.

Juzi ndipo nikakuta barua imesukumwa chini ya mlango: kuanzia tarehe 1 Novemba kodi yetu itakuwa dola 1,230.50, ongezeko la asilimia 7. Mume wangu anasema ni makosa ya karani, haiwezekani. Dada alipoisikia alicheka, akasema sheria yetu haina meno. Mkataba wetu unaisha tarehe 31 Oktoba, na natakiwa kujibu kabla Septemba haijaisha. Shangazi, sitaki kumwacha dada yangu, na sitaki kumrudisha mume wangu kwenye ile Januari. Nifanyeje?

Niliye Katikati ya Mto, St. Paul

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Mtu anayelala kidogo hivyo kisha akaweza kupiga hesabu hadi senti za mwisho anastahili kujibiwa kwa hesabu pia, kwa hiyo univumilie nikikupeleka polepole. Nikikuelewa vizuri, una nyumba ya zamani yenye kikomo cha kodi lakini iliyo mbali na dada, una nyumba mpya ng'ambo ya mto iliyo mlangoni kwa dada lakini isiyo na kikomo, na una ile ya Westgate ambayo unaamini inakupa vyote viwili. Juu ya hayo kuna barua ya asilimia 7 ambayo kila mmoja nyumbani kwenu ameisoma kwa namna yake, na nina shaka kama yupo aliyeisoma kwa utulivu.

Niruhusu nianze na neno moja ulilolitumia, kwamba sheria "itaendelea kunilinda". Sheria ya St. Paul haimfuati mpangaji, mwanangu. Inakaa na nyumba. Ukifunga virago unaiacha ukutani pamoja na misumari ya picha, na utakakokwenda utakuta sheria nyingine au hutakuta yoyote. Chimbuko lake ni hili: sheria ya jimbo la Minnesota inakataza miji kuweka kikomo cha kodi mpaka wapiga kura wa mji husika waridhie katika uchaguzi mkuu. Tarehe 2 Novemba 2021 miji yote miwili ilipiga kura siku moja, lakini haikuulizwa swali moja. Watu wa St. Paul waliulizwa kama wanaikubali sheria yenyewe, iliyokwisha kuandikwa, ya asilimia 3, wakaikubali, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2022. Watu wa Minneapolis waliulizwa kama wanaliruhusu baraza la jiji kutunga sera ya namna hiyo, nao wakaruhusu. Lakini ruhusa si sheria, na baraza halijaitunga. Kwa hiyo dada yako ana haki kuiita miji hiyo pacha, ila kwa jambo hili pacha mmoja alizaliwa na mwenzake hadi leo hajazaliwa. Brooklyn Park mliyoikimbia haina kikomo pia. St. Paul iko peke yake katika jimbo zima.

Kuhusu jengo la Westgate sitazunguka, maana hapa mtu anaweza kusaini kwa kuamini jambo lisilokuwepo. Sheria ilipopita haikubagua nyumba mpya na za zamani, na maombi ya vibali vya ujenzi yakaporomoka mara moja. Jiji likairekebisha Septemba 2022 kwa kuyatoa majengo mapya chini ya kikomo kwa miaka 20, kisha Mei 2025 likayatoa moja kwa moja majengo yote yaliyopata cheti cha kuruhusiwa kukaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 2004. Jengo la mwaka 2019 halimo. Ukiwa kwenye fleti ile utakuwa mkazi wa St. Paul, utapiga kura St. Paul, lakini kwa upande wa kupandishiwa kodi utakuwa sawasawa na aliyevuka mto. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza nyumba iko mji gani, ni vyema uulize ilijengwa mwaka gani.

Sasa tuje kwenye barua. Mume wako anasema haiwezekani, dada yako anasema sheria haina meno, nami nadhani wote wawili wameruka hatua. Asilimia 3 ni kikomo chenye mlango. Mwenye nyumba anayedai kwamba kwa asilimia 3 hapati faida ya haki anaweza kuliomba jiji limruhusu kuvuka, na ongezeko likiwa kati ya asilimia 3 na 8 utaratibu ni mwepesi: anajaza fomu na kuthibitisha mwenyewe. Likizidi asilimia 8 ndipo maofisa wa jiji hukaa na vitabu vyake vya hesabu. Kwa hiyo asilimia 7 inaweza kuwa halali. Lakini haiwi halali kwa sababu tu imeandikwa kwenye karatasi na kusukumwa chini ya mlango. Ombi lazima liwe limepelekwa jijini, na jiji linaweza kukujibu kama kuna ombi lolote kwa anwani yenu. Hiyo ni simu moja kwa idara ya usalama na ukaguzi. Ningependa uipige kabla ya kujibu chochote, na kabla hamjaendelea kubishana mezani.

Na hapa ndipo ninapoitazama ile ndoo ya rangi. Sheria ya St. Paul inasema kwamba jiji halitaruhusu kuvuka kikomo kwa nyumba ambayo mwenyewe ameshindwa kuiweka katika hali inayofaa kukaliwa kama sheria ya jimbo inavyotaka. Sisemi kwamba bomba moja linalovuja litaangusha ombi lake. Hilo litaamuliwa na wenye mamlaka. Ninachouliza ni hiki: tangu Machi, je, umewahi kumwandikia? Katika barua yako sikuona mahali uliposema umelalamika. Niliona tu mtoto akimwaga maji. Nahisi, na unisahihishe nikikosea, kwamba mliogopa kulalamika ili msije mkaipoteza nyumba ya bei nafuu. Ni woga wa wapangaji wengi sana wenye kodi iliyodhibitiwa, na wenye nyumba wanaujua. Sheria ya jimbo inakataza kumlipizia kisasi mpangaji aliyedai matengenezo. Tena ukimwandikia na siku 14 zikapita bila kutengeneza, unaruhusiwa kuipeleka kodi yako mahakamani ishikiliwe mpaka jambo liamuliwe. Piga picha bomba, piga picha ndoo, andika barua, weka tarehe, baki na nakala.

Turudi kwenye dola 1,196, maana nayo inahitaji kutazamwa kwa karibu. Hesabu yako ni sahihi: unalipa miezi 12 kwa 1,395, ukigawanya kwa miezi 14 unapata kama 1,196. Lakini nambari hiyo haimo kwenye mkataba. Iliyomo ni 1,395, na siku mkataba utakapohuishwa, hiyo ndiyo itakayokuwa sakafu. Tuseme mwenye jengo ni mtu mwema asiyepandisha hata dola moja: wewe utatoka wastani wa 1,196 uliouzoea hadi 1,395, ongezeko la zaidi ya asilimia 16, na hakuna aliyekukosea. Akipandisha asilimia 5, utalipa dola 1,464.75. Wenye majengo wanapenda kutoa miezi ya bure kuliko kushusha kodi kwa sababu thamani ya jengo mbele ya benki na wanunuzi hupimwa kwa kodi iliyoandikwa, na miezi ya bure haiigusi kodi hiyo. Mwezi wa bure ni zawadi, sikatai, ila ni zawadi inayotolewa mara moja.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, weka 1,395 mkononi mmoja. Mkono wa pili weka 1,230.50 iwapo asilimia 7 itasimama, au 1,184.50 iwapo itarudi kwenye asilimia 3. Tofauti ni dola 164.50 katika hali ya kwanza, na dola 210.50 katika ya pili. Toa zile 140 za petroli na maegesho ambazo ukihama hutazitumia tena, au utatumia kidogo tu, na unabakiwa na tofauti ya chini ya dola 25 au ya dola 70 na senti. Unaona jinsi ile simu ya idara ya ukaguzi inavyobadilisha picha? Na bado hatujaweka bei kwenye saa zako za kulala, jambo ambalo mimi siwezi kukuwekea.

Nisije nikakufanya uione Minneapolis kama pori. Mji huo uliamua kuyakabili makali ya kodi kwa njia nyingine, kwa kurahisisha ujenzi wa nyumba nyingi, na matokeo yake yamechunguzwa: shirika la utafiti la Pew lilionyesha kwamba kati ya mwaka 2017 na 2022 idadi ya nyumba Minneapolis iliongezeka kwa asilimia 12 huku kodi zikipanda kwa asilimia 1 tu, wakati kwingineko Minnesota kodi zilipanda kwa asilimia 14. Naam, mji usio na kikomo. Mume wako anastahili kuisikia habari hii, na aisikie kutoka kwako taratibu, si kutoka kwa shemeji yake kwa kicheko. Hata hivyo wastani wa mji ni jambo moja na barua utakayosukumiwa wewe chini ya mlango ni jambo lingine. Ndani ya wastani wa asilimia 1 wapo waliopandishiwa mengi, na hawakuwa na ofisi ya kukimbilia. Kinachokulinda huko ni kwamba fleti zikiwa nyingi unaweza kuondoka. Lakini wewe, ambaye utakuwa umehamia pale kwa ajili ya kuwa karibu na dada, utaweza kuondoka kwa urahisi? Mwenye jengo hahitaji kuijua sababu yako ili kunufaika nayo.

Hilo ndilo linalonifanya nifikiri kwamba, kama mtaelekea Minneapolis, kikomo ambacho jiji halikuwapa mnaweza kujaribu kukiomba ndani ya mkataba. Uliza kama watakubali miezi 24 kwa bei moja. Uliza kama, badala ya miezi miwili ya bure, watashusha kodi yenyewe hadi 1,200 kwa miezi yote 14. Kwao fedha ni karibu zile zile, na kwako sakafu inashuka. Uliza kama watakubali kuandika kwamba ongezeko la kwanza halitazidi kiasi fulani. Wanaweza kukataa yote matatu, na kukataa kwao kutakuambia jambo. Usiache pia kutazama ukurasa wa kwanza wa mkataba: tangu mwaka 2024 sheria ya Minnesota inataka jumla ya kodi na ada zote za lazima iandikwe hapo kama malipo kamili ya mwezi, na katika majengo mapya ada za takataka, vifurushi na maegesho huweza kuifanya 1,395 iwe kitu kingine kabisa.

Ipo njia moja ambayo hamkuitaja. Kandokando ya Green Line, reli ya treni ya mjini inayounganisha miji hii miwili, ndani ya St. Paul, yapo majengo ya kabla ya mwaka 2005 ambayo bado yana kikomo. Kutoka kituo cha Raymond Avenue hadi kituo cha West Bank, karibu na dada, ni vituo vitano tu. Hutapata dola 1,150 huko, maana unaingia kwa bei ya leo, na tangu marekebisho ya 2022 fleti iliyoachwa wazi inaweza kupandishwa zaidi ya asilimia 3 kabla ya mpangaji mpya kuingia. Hilo lina upande wake wa pili, nalo linanisumbua kidogo kwa ajili yenu: fleti mnayokaa sasa nayo ikiachwa itapandishwa vivyo hivyo, kwa hiyo mkihama kwa majaribio mkakuta mambo hayakwenda, mlango mliotokea hautakuwa na bei mliyoiacha. Watoto nao, ukivuka mto, mji ule una mamlaka yake ya shule. Ukibaki upande wa Raymond hilo halipo.

Na kubaki mlipo? Kuna hatari zake pia, ingawa mume wako haziandiki kwenye friji. Kikomo kinazuia kodi isikimbie, lakini hakiongezi saa kwenye siku yako, wala hakitengenezi rejeta. Mtu anaweza kukaa kwenye nyumba kwa sababu ya bei hadi bei ikawa ndiyo sababu pekee. Sisemi mmefika huko. Naona tu kwamba katika barua yako yote hakuna sentensi inayosema mnaipenda nyumba hiyo.

Kuhusu mume wako, ningependa usimchukue kama mtu anayempinga dada. Aliyewahi kufunga godoro la watoto juu ya gari kwenye theluji hasikii neno "hama" kama wewe unavyolisikia. Pengine ukimkalisha na karatasi yenye mistari mitatu, nyumba ya sasa, ya Minneapolis na ya Raymond, kila moja ikiwa na kodi ya mwaka wa kwanza na kodi mbaya zaidi ya mwaka wa pili mnayoweza kuimudu, ataona kwamba humuombi aache ulinzi bali unamuuliza kila ulinzi unagharimu kiasi gani. Na dada naye aulizwe, kwa heshima, kama anahitaji uwe mlangoni kwake au anahitaji siku tatu za wiki zigawanywe na mtu mwingine. Wakati mwingine mgonjwa hutaka ndugu akae karibu, wakati mwingine anachotaka ni usafiri wa uhakika, na si rahisi kujua kabla ya kumuuliza.

Una hadi mwisho wa Septemba, kwa hiyo zipo siku za kutosha kwa simu moja na barua moja. Simu iwe ya kwanza. Barua ya bomba na rejeta usiicheleweshe, hata kama mtaamua kuhama, maana kuanzia tarehe 1 Oktoba sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto la ndani halishuki chini ya nyuzi 68 za Farenhaiti, na rejeta inayogonga usiku kucha ingefaa ichunguzwe kabla ya baridi. Jiji likishakujibu kuhusu ile asilimia 7, niandikie tena. Nitataka kujua walisema nini.